Mama Hasemi Kama Anaumwa

Jumatano

Na leo tena Mama kaniambia kwenye simu hawajambo wote. Nikamuuliza mbona anakohoa.

"Vumbi tu mwanangu. We soma."

Asubuhi mwalimu wetu wa usalama wa ndege katuambia uwanja usioripoti kasoro hata moja ndio wa kuogopa, maana watu wanaficha. Wenzangu wakaandika. Mimi nikaikumbuka nyumba yetu Makorora, Tanga, ambako aliye mbali hapewi habari mbaya mpaka arudi. Babu tulimzika wakati kaka yangu yuko masomoni, hana habari.

Shahada hii ya uzamili nimeitaka mwenyewe. Lakini ningekuwa Tanga sasa hivi ningemwamkia tu, shikamoo Mama, nimsikilize anavyovuta pumzi kabla ya kuitikia.

Kwenye simu marahaba yake huja haraka, kama ya mtu aliyejiandaa.