Samaki Waliopasuliwa Tumboni

Jumanne, 26 Desemba 1995. Mapera. Asubuhi ukungu mzito hadi kwenye kizingiti cha jiko, manyunyu, baridi. Jua limechungulia saa nne kasoro robo, likarudi lilikotoka.

Mpendwa Baba Winfrida,

Unaijua kawaida yangu: tarehe kwanza, hali ya hewa pili, binadamu baadaye. Ulikuwa ukinicheka. "Mwalimu, hata siku ya kufa kwako utaandika kama kuna mawingu." Siku uliyokufa wewe niliandika, "Anga safi. Baridi kali," na chini yake sikuweza kuongeza kitu. Hiyo ilikuwa Juni, kahawa ndiyo kwanza inaanza kuiva. Tangu siku hiyo nimeongeza jambo moja katika daftari langu: saa niliyopata usingizi. Saa nane. Saa tisa na nusu. Kuna siku nimeandika tu, "Jogoo."

Nakuandikia kwa sababu Krismasi imepita na nina jambo nililokuficha kwa miaka kumi na moja. Nawe, nimekuja kujua, ulinificha la kwako.

Unamkumbuka mama yangu na vikapu vyake. Kila Desemba alitutumia mbasa wakavu kutoka ziwani, maana alijua mtoto wa Nyasa akiolewa milimani atakula maharage mpaka asahau harufu ya kwao. Alikuwa na namna yake ya kuwapasua. Kisu kilipita mgongoni, tumbo likabaki zima, kisha samaki akafunuliwa kama kitabu na kuanikwa juani juu ya chanja. Ukipasua tumboni, alisema, umemvua samaki nguo mbele ya watu. Mimi na kaka Danstan tulijifunza hivyo kabla ya kujifunza kusoma.

Kaka Danstan hakututumia kitu. Alikwisha kusema lake mwaka 1961, nilipoacha kanisa la Anglikana, ambako baba yetu alikuwa mwalimu wa dini, nikakufuata wewe kwa Wakatoliki wa huku juu. "Umeuza ubatizo wa baba kwa miche ya kahawa," aliniambia mbele ya shangazi zangu, na harusini hakuja. Nami sikumwandikia hata barua moja. Mimi ninayeandika hata mvua ya dakika tano.

Mama alikufa Agosti 1984. Kwenye mazishi mimi na kaka tulizungumza kupitia watu wengine. Desemba ilipofika niliona unakwepa kulitaja neno Krismasi. Kisha asubuhi moja ukasema unakwenda ziwani, ukaondoka alfajiri, mimi bado kitandani. Ulirudi siku ya nne, kandambili za matairi zimekatika mikanda, kikapu begani.

"Danstan amekutumia," ulisema.

"Danstan? Amesema nini?"

"Amesema Krismasi njema. Unamjua, si mtu wa maneno."

Nilifungua. Mbasa watatu. Walikuwa wamepasuliwa tumboni na kukaushwa kwa moshi. Hakuna mtu wa nyumba yetu angepasua samaki hivyo, hata akiwa gizani. Hao walikuwa samaki wa wachuuzi, na nilijua kabla sijamtoa wa pili kwenye kikapu. Nikainua uso. Ulikuwa umesimama mlangoni, kofia mkononi, kama mwanafunzi anayengoja kusahihishiwa hesabu.

Nikasema, "Kaka amenikumbuka."

Ukashusha pumzi, ukatoka nje kupasua kuni ambazo zilikwisha kupasuliwa.

Nimeufungua tena ule ukurasa. "Mbasa watatu kutoka kwa kaka Danstan. Wamepasuliwa tumboni." Sentensi hizo mbili nimeziandika karibu kila mwaka, idadi tu ikibadilika.

Mwaka ule zawadi yangu kwako ilikuwa kipande cha sabuni ya mche nilichokificha tangu Pasaka. Kilikuwa kimekauka na kupasuka kama kisigino, na ulikinusa kana kwamba ni ua. Madukani hapakuwa na kitu. Baadaye bidhaa zikaruhusiwa, na mitumba ikapanda hii milima yetu kabla ya barabara nzuri. Nikawa nanunua sweta za kike zilizochakaa, nazifumua, naosha nyuzi, nakufumia yako. Nilianza kila Januari ili Desemba isinikute. Ndiyo maana Krismasi moja ulikwenda Misa na sweta yenye mikono ya rangi ya waridi.

"Mwalimu, wazee wenzangu watanicheka."

"Watakaocheka watakuwa na baridi."

Nawe, mbali na samaki, mwaka 1988 ulinipa paka. Nilikuwa nimelalamika kwamba kila mwisho wa mwaka maharage yanapungua ghalani, na nimeweka mitego haijanasa panya hata mmoja. Ukamleta yule paka wa madoa, umemfunga utepe shingoni, ukaniambia kwa uso mkavu, "Huyu atawamaliza." Hakukamata kitu. Alinenepa kwa maziwa yetu akafa kwa uzee. Nitarudi kwenye habari ya paka.

Mwaka 1991 nilimsimulia binti yetu Winfrida jikoni jinsi bibi yake alivyokuwa akipasua samaki. Wewe ulikuwa nje unatia mpini jembe, na nyundo ikanyamaza. Krismasi ile mbasa walikuja wamepasuliwa mgongoni. Lakini wamepasuliwa namna gani! Mfupa ulikuwa umekerezwa kama kwa msumeno, na mmoja kisu kilitokea hadi upande wa pili. Kidole gumba chako kilikuwa kimefungwa kitambaa.

"Umefanya nini kidole?"

"Machipukizi ya kahawa."

"Siku hizi machipukizi yana meno?"

"Ni soko huria, Mwalimu. Kila kitu kimebadilika."

Nikawageuza wale samaki. "Mkono wa kaka umezeeka," nikasema.

"Tumwombee," ukajibu, ukatazama paa.

Nilikaribia sana kukuambia siku ile. Sikusema, na nimekuwa nikijipa sababu nzuri: kwamba ningekuambia ninajua, ungeacha, nawe ungebaki na mke asiye na kaka, tena aliyekuaibisha. Sababu hiyo ni ya kweli. Iko nyingine, na hiyo sikuiandika hata kwenye daftari. Nilipenda kuwa na kaka aliyenisamehe, kwa sababu ilinipunguzia kazi ya kumsamehe yule niliyekuwa naye. Kaka wa kwenye kikapu chako hakuwa na makosa. Yule wa ziwani nilimwacha huko huko.

Ulipokufa tulipeleka habari kila mahali. Litembo, Mbinga mjini, hata kwa yule binamu yako wa Songea mliyegombana naye kwa ajili ya mbuzi. Winfrida akaniuliza, "Na mjomba je?" Nikamjibu, "Mjomba ana ziwa lake." Akanitazama kama mtoto asivyopaswa kumtazama mama yake, na alikuwa na haki. Miaka kumi na moja nimepokea samaki kwa jina la mtu huyo, kisha nikamnyima msiba.

Sasa sikiliza. Juzi Jumapili, saa tisa alasiri, mvua inanyesha, mbwa akabweka. Uani amesimama mzee mwembamba, shati la mikono mifupi limelowa na kumganda mwilini, kikapu begani. Anatetemeka. Nilitazama masikio yake ndipo nikamjua. Ni masikio ya baba.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mnaishije na baridi hii?"

Hilo ndilo neno la kwanza alilonipa mimi mwenyewe baada ya miaka thelathini na minne. Nikaingia ndani. Kitu pekee kikavu kilichomfaa mwanamume kilikuwa sweta yako ya mwaka huu, ya buluu, niliyoianza Januari nikaimaliza Mei, sijui kinachokuja. Nilikuwa nimeikunja kwenye sanduku na sikuwa nimeweza kuigusa. Nikampa. Mikono ilimzidi, akaikunja mara mbili. Sikuandika chochote usiku ule isipokuwa saa: saa kumi kasoro.

Jana alikuja nami kanisani. Nilidhani atabaki nje kwenye benchi. Akaingia, akakaa pembeni yangu, na katikati ya wimbo wa Utukufu akaniinamia sikioni.

"Kumbe ni zile zile."

"Zipi?"

"Sala. Zote. Hata pa kupiga magoti ni pale pale."

Miaka thelathini na minne, Baba Winfrida! Nilifumba macho ili watu wadhani nasali.

Baada ya Misa tulikaa jikoni karibu na moto. Winfrida alikuwa akikaanga vitumbua. Kaka akavuta kikapu chake, akakifungua mwenyewe. Mbasa wanne, wakavu wa jua, wamepasuliwa mgongoni, safi, wamefunuka kama vitabu. Nilimshika mmoja na sikuweza kumweka chini.

Akasema, "Nimekuja kukushukuru kwa maharage."

Nikasukuma kuni motoni.

"Shemeji alikuwa akiniletea nusu debe kila Krismasi, tangu mwaka aliokufa mama. 'Dada yako amekutumia,' ananiambia. Mimi napokea. Sikumkaribisha ndani, nisikudanganye. Anakunywa maji pale pale uani, ananiuliza, 'Na wewe huna cha kumtumia?' Nasema sina. Anasema, 'Haya, labda mwakani,' anaondoka. Miaka yote hiyo, neno lile lile. Mwaka huu nimengoja, maharage hayakuja. Nikasema, dada amechoka, ana haki. Nikamuuliza mtu wa malori wa huku kwenu. Ndiye aliyeniambia shemeji amezikwa tangu Juni."

Sasa unamwona yule paka? Ninamwona mimi, na utepe wake. Miaka kumi na moja nimeandika "Panya ghalani" kwa mwandiko mzuri, nikaweka mitego, nikalaumu magunia, na panya mwenyewe alikuwa ananifungia zawadi.

Kaka alikuwa ananitazama. Ingenitosha kusema, "Usijali, kaka." Maneno mawili tu, nami ningekuwa dada mwema hadi kaburini, mwenye moyo mpana, aliyetuma maharage miaka kumi na moja bila kujibiwa. Nawe usingenikanusha. Nakiri kwamba niliyapima maneno hayo mdomoni. Lakini ulitembea na mzigo ule mabondeni kwa miguu yako. Uliinywa aibu ile na maji ya uani kwake. Kujitwalia shukrani yako ingekuwa wizi.

"Kaka," nikasema, "sikukutumia maharage. Hata punje moja. Sikujua."

Akakunjua mkono mmoja wa sweta, akaukunja tena.

"Na wewe," nikaendelea, "umenitumia samaki kila Krismasi, pamoja na salamu."

"Mimi?"

"Wewe."

"Mimi sikutuma hata mkia!"

"Najua. Walipasuliwa tumboni."

Akahesabu kitu kichwani. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. "Shemeji alikuwa mwongo, dada."

"Mkubwa sana."

Tulicheka mpaka Winfrida akaacha vitumbua viungue, na katikati ya kicheko kaka akawa analia, nami nikawa nimemtangulia. Nikamwambia pia la msiba: kwamba sikusahau kumpelekea habari, nilikataa. Alifuta uso kwa mkono wa sweta yako. "Ungeniita," akasema, "huenda nisingekuja. Tuseme ukweli wote leo."

Akaomba aone ulipolala. Nikampeleka mwisho wa shamba, penye ile mibuni ya zamani. Ukungu ulikuwa umeshuka hatuoni bonde. Unajua ulimzidi miaka mitatu, na hakuwahi kukuamkia, hata ulipokuwa umesimama uani kwake na mzigo wake. Akavua kofia. Alisimama muda, maji yanamdondoka masikioni.

"Shikamoo, shemeji," akasema.

Akangoja, kama mtu anayengoja kujibiwa. Nikaitikia mimi kwa niaba yako.

Tuliwala wale mbasa wawili wawili, kwa ugali, bila maneno mengi. Wamebaki mifupa tu. Leo asubuhi ameniuliza kama tunalo jembe la ziada, anataka kuona hayo mashimo tunayolimia mtelemkoni, nami nimemwambia apumzike. Anaondoka keshokutwa. Nimekwisha kupima nusu debe la maharage, nimeyachambua mwenyewe, na juu ya mfuko nimeandika jina langu lote, hata lile la ubatizo wa kwanza.

Sasa nadaiwa jambo moja na wewe, nalo ndilo hili. Nilijua, mume wangu. Tangu kikapu cha kwanza. Kila nilipokuambia "Kaka amenikumbuka", nilikuwa nikisema wewe umenikumbuka. Sijui kama ulinielewa. Nikikumbuka ulivyotazama paa siku ile ya kidole, nadhani ulielewa, ukanipa zawadi ya kutouliza, nami nikakupa ya kutosema. Lakini zawadi hiyo tuliishika muda mrefu mno. Ningeweza kukuambia asante kwa jina lako, angalau Krismasi iliyopita, ulipokuwa bado unaweza kwenda kupasua kuni.

Asante, Baba Winfrida. Lala. Maharage yamepata mwenyewe.

Mkeo, mwalimu wako,
Mama Winfrida

Jana nimelala saa tatu na dakika ishirini usiku.