Mama, Tulikula Mbegu Yako

Mama yangu mpendwa,

Nianze na kosa lenyewe, maana hukupenda mtu wa kuzungukazunguka. Zile mbegu za maharage ulizoniachia tulizipika. Siku ya tatu ya msiba wako tulizipika na tukazila zote, mtungi ukabaki mtupu. Usinune kwanza. Ningekuwa bado na hofu niliyokuwa nayo siku zile nisingeshika kalamu. Nakuandikia kwa sababu nimepumua.

Nakukumbuka siku za kupepeta. Hakuna aliyeruhusiwa kuonja maharage mapya kabla hujakaa chini na ungo, miguu umeinyoosha, ukachagua punje moja moja. Zenye mikunjo, kando. Zilizotobolewa, kando. Kazi yangu mimi ilikuwa kung'ata. Ulinipa punje nikaibana kwa meno ya mbele: jino likiacha alama, bado mbichi, yarudi juani, ikipasuka kwa mlio, basi imekauka. Nilijiona mtu mkubwa kweli. Kisha uliyachanganya na majivu yaliyochekechwa, ukajaza mtungi, ukaufunga mdomo kwa kitambaa na kuusogeza kwenye kona ya chumba chako. Kuanzia hapo tulipita mbali nao.

Kuna mwaka mvua zilikatika mapema, tukala ugali wa muhogo kwa sombe, yale majani yake ya kutwanga, mpaka nikaichukia rangi ya kijani. Nilijua mtungi umejaa. Nilikulilia, "Mama, si maharage yale pale?" Hukunigombeza. Ulisema, "Yale si ya kula, mwanangu. Yale ni ya mwakani." Nililala nimekununia. Baadaye majirani zetu hapa kijijini Kitanga walihamia maharage ya njano mmoja mmoja, kwa kuwa ndiyo wanunuzi wa Kasulu wanayoyataka. Wewe ukabaki na yale yako yenye madoa ya zambarau, yanayoiva kwa kuni chache na kustahimili mteremko wetu wenye kokoto. Nilikucheka, nikasema umekwama zamani.

Hospitalini, ulipokuwa huwezi tena kumeza uji, hukuniusia nyumba wala mbuzi. Ulinishika kiganja ukasema, "Imbuto iko mtungini. Mvua ikianza, usichelewe." Nikaitikia, nikijua kabisa ni mbegu nimekabidhiwa.

Sasa siku hiyo ya tatu waombolezaji walikuwa wengi kuliko chakula. Mama Eliya, jirani yetu, ndiye aliyekuwa akiongoza wapishi. Alinifuata mkekani akaniuliza, "Maharage yamekwisha. Kuna yale ya kwenye mtungi, tupike?" Nilikuwa nalia. Sikusikia swali, nilisikia sauti tu. Nikasema, "Pikeni." Mfiwa huitikia kila kitu, Mama. Wakayaosha majivu, wakayabandika. Sahani iliponifikia nikayaona, madoa yamefifia kwenye mchuzi, na mzee mmoja wa kwaya pembeni yangu anasifu, "Haya maharage ni laini kweli," huku akiomba kuongezewa. Nilikula. Nilikula kwa sababu watu walikuwa wananitazama. Na yalikuwa matamu, hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Baada ya matanga nilipekua nyumba nzima nisipate hata punje. Nilikwenda mpaka sokoni Kasulu, nikamweleza muuza nafaka mmoja yalivyo. Akatikisa kichwa: "Hayo, bibie, tangu nifungue duka hili sijayaona. Nina ya njano na haya mekundu." Nilirudi nimeweka mikono kichwani. Ulinipa kitu kimoja tu cha kutunza, na sikukitunza hata wiki.

Mama Eliya alipojua alichokipika alilia kuliko alivyolia makaburini. Halafu, mawingu yakiwa yameanza kujikusanya, akaja kunong'ona mlangoni kwangu. "Nenda Rungwe Mpya kwa mama yako mdogo. Marehemu alikuwa akipeleka mbegu kule kila mwaka." Nikamwambia anaota mchana.

Mama mdogo! Mke mwenzio, ambaye marehemu baba alihamia kwake nikiwa darasa la nne, akakuachia shamba lote na jembe moja. Tangu siku hizo sikuwa nimemwamkia. Hata msibani kwako, aliponinyooshea mkono wa pole niliukwepa, nikajifanya natafuta leso. Na wewe safari zako za Rungwe Mpya ulikuwa ukiniambia ni za maombi. Ee, Mama! Maombi gani hayo ya kubeba kifurushi cha maharage?

Kiburi changu unakijua, nimekirithi kwako. Siku tatu nzima nilisema siendi. Siku ya nne yakadondoka manyunyu ya kwanza, nikapanda pikipiki.

Nilimkuta anafagia uwanja. "Shikamoo, mama mdogo."

Ufagio ukasimama. "Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

Hata kukaa sikukaa. "Tulikula mbegu," nikasema.

"Najua. Niliyatambua kwenye sahani."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini, mwanangu, na mkono wangu ulikuwa umeukataa?"

Niliona aibu, Mama, aibu ya kutamani ardhi ipasuke. Yeye akaniletea kigoda, akanieleza taratibu kama mtu anayemfundisha mtoto. "Mbegu ikilala shamba moja kila mwaka inachoka. Basi mimi na mama yako tulikuwa tunabadilishana. Ninayovuna mimi anapanda yeye, anayovuna yeye napanda mimi. Yale mliyokula msibani nililima mimi. Aliyoyalima mama yako ndiyo yaliyo humu ndani."

Akaingia akatoka na dumu la njano, akamimina kidogo kwenye ungo. Majivu yako. Madoa yako. Punje zote za saizi moja, kama ulivyokuwa ukizichagua. Nililia kwa sauti mpaka watu wa nyumba ya pili wakachungulia, na nilipomaliza kulia nilikuwa mwepesi.

Nilitaka yote. Alinigawia nusu, nusu akabaki nayo. Nilipobisha akacheka: "Nikupe yote uyapike tena?" Nikacheka na mimi, nikashangaa kwamba nacheka naye.

Nilipanda kesho yake. Siku nne sikulala vizuri, ya tano nikaamka na kukuta miche imeinua udongo mstari kwa mstari, vichwa vimeinama, mteremko mzima. Nilikaa chini palepale kwenye tope na kanga yangu nzuri. Miezi imepita, nimevuna, na leo nimemaliza kupepeta. Mbegu nimeshatenga, na nyumbani hakuna aliyeonja kabla.

Bado nina neno na wewe. Miaka yote ile ulinificha, ukaniacha nimchukie mtu kwa niaba yako wakati wewe mwenyewe ulishaacha zamani. Nilipomuuliza mama mdogo mlisameheana lini, alisema hamkuwahi kukaa kulizungumza; mwaka mmoja tu ulifika kwake na kifurushi, ukasema yako yamechoka, akupe yake. Nadhani ungeniambia ningekuzuia. Ningekuzuia, na leo tusingekuwa na punje hata moja. Kwa hiyo nakushukuru kwa uongo wako, na naomba usiurudie huko uliko.

Keshokutwa mama mdogo anakuja na fungu lake tubadilishane. Anasema mgongo wake hauwezi tena pikipiki ya kwenda na kurudi siku moja. Nimefua mashuka yako, nimeyaanika, nimetandika kitanda chako. Atalala hapo.

Pumzika sasa, Mama. Mvua ikianza sitachelewa.

Ni mimi,
binti yako wa pekee