Diski ya tatu, swichi ya Mama Zuhura na mpaka wa Nakwa

Jumatano. Asubuhi jua, mchana mawingu yakakaa juu ya Mlima Kwaraa, saa nane mvua ikashuka na radi zake zote. Mimi nimechoka, nimenuna, na nina hasira na watu watatu. Mmoja wao ni mimi mwenyewe.

Nianzie Jumatatu, maana bila Jumatatu leo haieleweki.

Ofisini kwetu hapa Bagara, mjini Babati, tunapima viwanja. Bosi wangu, Mzee Gwandu, ndiye mpima, anashinda mashambani na vifaa vyake. Mimi nachora ramani na kuzichapa, na kwa kuwa nilisomea kompyuta chuoni, kila chenye waya kimekuwa changu, hadi birika la chai. Ramani za miaka yote ziko kwenye mashine moja yenye diski nne zinazofanya kazi kama diski moja kubwa. Ujanja wake ni kwamba moja ikifa, tatu zinazobaki zinaendelea kubeba mzigo mpaka uweke nyingine, halafu mashine inaijaza hiyo mpya yenyewe, taratibu. Jumatatu diski ya tatu ilikufa. Sikushtuka hata kidogo. Nilimwambia Mzee, tena kwa majivuno, kwamba ndiyo maana tuliweka nne, nikaizima mashine ili zile tatu zisichoke na nikaagiza nyingine Arusha.

Saa moja baadaye akaingia Mama Safari.

Mama Safari ni mjane anayeishi Nakwa, mumewe alifariki mwaka jana. Jirani yake, Baba Daudi, anadai kipande cha kiwanja chake, pale penye jiko la nje na migomba. Kesho Alhamisi wanaitwa baraza la kata. Bikoni, lile jiwe la mpaka, la kona hiyo haionekani tena, na ramani yake ililiwa na mchwa sandukuni. Nakala pekee iliyobaki, yenye sahihi za majirani wote waliosimama siku ya kupima, ni ile tuliyoiskani sisi na kuihifadhi kwenye mashine. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kwangu hakipotei kitu, aje kesho yake.

Yaani ningeiwasha mashine dakika tano tu, nikachapa karatasi moja, mambo yangeishia hapo. Diski tatu zilikuwa zinatosha kabisa kuifungua. Lakini mimi nilishaamua kwamba mashine inapumzika, na mimi nikishaamua kitu ndiyo basi.

Jumanne diski ikafika kwa basi. Fundi wa Arusha alikuwa ameapa kwenye simu kwamba ni mpya kabisa. Niliichomeka, mashine ikaiona, lakini kila nikiiingiza kwenye kundi inakataa. Nilibadilisha waya. Nilibadilisha tundu. Nilizima, nikawasha, nikapiga magoti chini ya meza na tochi ya simu mpaka suruali ikawa nyeupe kwa vumbi. Saa tisa alasiri ndipo nikapata akili ya kuisoma ndani. Kumbe ilishawahi kuishi kwenye mashine nyingine, katika kundi jingine la diski, na alama za kundi hilo bado inazo. Kila nikiwasha inaanza kuwatafuta wenzake wa zamani. Ni kama mtu amekuja kuposa huku cheti cha ndoa yake ya kwanza kiko mfukoni.

Mpya kabisa, alisema.

Siku nzima hiyo Mama Safari alikaa kwenye benchi letu. Halalamiki, na hicho ndicho kinachoniua. Kila baada ya muda ananyanyua macho na kuniuliza, "Mgonjwa anaendeleaje?" Namjibu anaendelea vizuri. Akiniona nimekunja uso ananisimulia habari za nyumbani kwake: jinsi marehemu alivyopanda uzio wa minyaa mpakani kwa mikono yake, jinsi Baba Daudi alivyokuwa mtu mzuri zamani kabla ardhi haijapanda bei. Nilifuta alama za zamani kwenye ile diski, lakini muda ulikuwa umekwenda, nikamwomba arudi nyumbani, kwamba Jumatano jioni nitampigia mwenyewe.

Leo saa moja asubuhi diski ikaingia kundini bila ubishi na mashine ikaanza kuijaza. Asilimia moja. Asilimia mbili. Ningeweza kuifungua ile ramani wakati huohuo, lakini nikaona nisiisumbue ikiwa kazini. Ndiyo, kwa mara ya pili. Saa nane ilikuwa asilimia sabini na moja, na radi ya kwanza ikapiga upande wa Sigino.

Hapa Babati radi ikianza kila mtu anajua la kufanya. Unachomoa televisheni, unachomoa friji, simu inatoka kwenye chaji, na bibi yangu alikuwa anafunika hata kioo. Mama Zuhura, mwenye nyumba wetu, anauza vitenge mlango wa pili, na swichi kubwa ya umeme wa fremu zote iko ndani ya duka lake. Akaizima. Kisha akaja hadi mlangoni kwangu na mwavuli, anatabasamu, kunijulisha kwamba ametuzimia na sisi ili vifaa vyetu visiungue. Nikamwambia asante. Ungemwambia nini mtu aliyekuja kwenye mvua kwa wema?

Kilichonikata maini ni kile kiboksi cha kushikilia umeme. Kazi yake duniani ni moja tu, kuishikilia mashine nusu saa umeme ukikatika, na leo kilizima sekunde ileile. Nikakinyanyua, chepesi. Nikakifungua, hakina betri. Nikampigia Mzee Gwandu, akaniambia kwa utulivu kabisa kwamba betri anayo yeye shambani, inaendesha kipokezi cha kupimia, na kwamba alinieleza Ijumaa. Hakunieleza. Ijumaa tuliongea habari za wino wa printa tu.

Mvua ilipokatika Mama Zuhura akawasha swichi, nami nikawasha mashine. Ikagoma. Ikaandika kwamba kundi ni pungufu na ni chafu, maana yake diski moja haijajaa, na zile nyingine tatu zilikatwa katikati ya kuandika, kwa hiyo haiwezi kuapa kwamba zinachokumbuka kinafanana. Ikanyamaza hapo.

Nilikaa sakafuni.

Acha nikiri hapa, maana pengine siwezi. Tuna diski ya pembeni ya kuhifadhia nakala. Mzee aliinunua makusudi, nikaahidi kila Ijumaa nitanakili ramani zote. Imejaa tamthilia za Kikorea. Ramani ya mwisho niliyonakili humo ni ya kabla sijapata mtoto, na mtoto wangu sasa anasoma. Nilikuwa nawaambia watu diski nne ni usalama, nikasahau kwamba zote nne ziko ndani ya boksi moja, kwenye swichi moja, kwa mtu mmoja mzembe.

Nikasoma hesabu ambayo kila diski inaiweka ya mara ngapi imeandikwa. Kati ya zile tatu za zamani, mbili zilikuwa sawasawa. Iliyobaki ilikuwa nyuma ya hizo kidogo sana. Kuna amri ya kuilazimisha mashine ikubali tofauti hiyo na iendelee. Ikikubali vizuri, umepona. Ikikubali vibaya, viwanja vya watu wa nusu ya mji vinageuka takataka. Niliiandika, nikaifuta, nikaiandika tena. Mzee Gwandu aliingia wakati huo na matope hadi magotini na betri yake kwapani, akasimama nyuma yangu. Nikabonyeza.

Ikafunguka. Mafaili yote, majina yote. Niliweka katazo la kuandika chochote humo, nikaenda moja kwa moja Nakwa, kwenye faili la Mama Safari, na picha ikatokea safi.

Nilifurahi labda dakika moja.

Mpaka haupiti kwenye minyaa. Unapita ndani ya uzio, hatua nne kuelekea nyumba ya Mama Safari, na jiko na migomba viko upande wa Baba Daudi. Kuna sahihi za majirani, na chini kabisa kuna kidole gumba cha marehemu, kimebonyezwa vizuri kabisa. Mzee Gwandu alivua miwani, akaifuta, akaangalia tena. Alikumbuka siku ile. Akasema, "Chapisha," akaenda kunawa miguu.

Kwa dakika kadhaa niliwaza kusema mashine imekufa. Nani angebisha? Mama Zuhura mwenyewe angekuwa shahidi wangu. Sijivunii, lakini niliwaza hivyo kwa makini kabisa.

Saa kumi na mbili, kabla sijaamua, Mama Safari akapiga simu. Nilimwambia nimeipata. Akamshukuru Mungu, akaniombea baraka mimi na mtoto wangu, akasema sasa atalala. Akaniomba nichape nakala mbili, moja ampe mwenyekiti wa baraza mkononi mbele ya watu wote. Nikasema sawa, Mama.

Nakala zote mbili ziko kwenye begi langu. Baraza ni saa nne. Nitapanda bodaboda saa kumi na mbili asubuhi nimkute bado yuko nyumbani, peke yake, ili asije kuisikia mbele ya Baba Daudi. Nitabisha hodi, nitamwamkia. Atanikaribisha chai, na najua ataipikia wapi.