Baba, Nilikufuta Kwenye Kinanda

Baba yangu,

Mama anataka kusikia sauti yako. Hataki wimbo, hataki kinanda. Anataka kukusikia wewe ukiongea, hata kama ni kukohoa tu. Ameniomba mara tatu tangu tukuzike, na mara zote tatu nimemjibu kwamba nitamletea. Baba, sina cha kumletea. Nilikuwa nacho nikakifuta kwa mkono wangu mwenyewe, akili zangu zikiwa timamu, kikombe cha chai kikiwa kando. Naiandika barua hii wazi kwa sababu kila Jumapili watu wa parokia hunishika mkono kunishukuru kwa ile kazi ya kinanda, nami nimechoka kushukuriwa.

Unakumbuka ilivyoanza. Kanisa letu pale Kabati lilipanuliwa likawa mara mbili ya lilivyokuwa, lakini kinanda ulichokipiga miaka yote kikabaki kile kile cha mapadre wa zamani, chenye mabomba mia mbili na kitu, kilicholetwa kwa masanduku kabla barabara haijatiwa lami. Walioketi nyuma walikisikia kama mtu anayepiga mluzi chumba cha pili. Besi hakikuwa nayo kabisa, kwa sababu aliyekijenga aliyaacha yale mabomba marefu, dari isingeyatosha. Halmashauri ikakaa, ikasema mabomba yang'olewe, wapewe watu wa vyuma chakavu, inunuliwe kibodi. Siku hiyo ulirudi nyumbani ukakaa bila kuvua kofia. Mama akakupakulia muthokoi, hukuugusa. Kwa mtu aliyesifika kijiji kizima kwa kula, hilo lilikuwa tangazo la msiba.

Ni mimi niliyeleta wazo. Kazi yangu unaijua, duka la spika na maikrofoni mjini Kitui, leo harusi kesho matanga. Nikaiambia halmashauri iyaache mabomba, mimi niongeze sauti ya dijitali na spika za besi. Nikawaahidi kwamba hiyo besi haitakuwa ya kununua. Nitarekodi kila bomba, moja baada ya lingine, kisha kompyuta izishushe sauti hizo hizo mpaka chini kabisa, ili kinanda kipate besi iliyotoka tumboni mwake. Wakakubali, mradi kazi iishe kabla Askofu hajaja kubariki kanisa. Wewe hukusema ndiyo wala hapana. Uliniuliza swali moja tu.

"Mwaitu, hiyo spika inapumulia wapi?"

Mwaitu, mama yangu. Hukuwahi kuniita vingine, kwa kuwa nina jina la mama yako, na mtu hamwiti mama yake kwa jina tu. Wenzangu shuleni walinicheka, mtoto gani huyu anayeitwa mama na baba yake, ilhali kwao mambo yalikuwa vile vile. Siku hiyo nilicheka mimi, nikakwambia spika haipumui, inatumia stima. Ukaitikia kwa kichwa, lakini nilijua jibu halijakutosha.

Na lingekutosha vipi? Mvukuto wa kile kinanda uliushona mwenyewe, ngozi ikichakaa unatafuta nyingine. Mzee Abdi, yule mfanyabiashara wa mbuzi ambaye watu wake walitoka Garissa, ndiye aliyekuchagulia ngozi laini kila mara. Yeye Mwislamu hajawahi kuingia Misa hata siku moja, lakini hupita nje ya kanisa Jumapili akiwaambia watu kwamba mbuzi wake ndiye anayeimba humo ndani, hao wengine wanamsaidia tu. Ulikuwa ukicheka mpaka unakohoa. Mabomba ya mbao yalipopasuka uliyaziba kwa vipande vya mti wa mukau na nta ya nyuki kutoka mizinga yako. Hukusomea popote. Ulijifunza kwa kukifungua, kukiharibu na kukitengeneza tena, na padre aliyekuajiri alikuwa mvumilivu kuliko Ayubu.

Tulirekodi kwa siku tatu, saa saba mpaka saa nane mchana, kwa kuwa ndiyo saa pekee ambapo mashine ya kusaga unga pale jirani hupumzika. Kazi yako ilikuwa rahisi, ubonyeze kitufe kimoja, usubiri sauti itoke yote, uachie. Yangu ilikuwa kukaa chini na kompyuta, vipokea sauti masikioni, macho kwenye ile mistari ya kijani inayopanda na kushuka. Nilikuwekea maikrofoni karibu nawe kwa sababu mabomba yalikuwa usawa wa kichwa chako. Nilikueleza kila kitu isipokuwa jambo moja ambalo hata mimi sikulifikiria, kwamba wewe hukuwahi kuligusa bomba lolote bila kulisemea kwanza.

Ndivyo ulivyofanya kazi miaka yote. Ukilisafisha bomba unalitaja, unaeleza lilitoka wapi na kuna siku gani lilikusumbua, kama mtu anavyowaita ng'ombe wake kabla ya kukamua. Kwa hiyo ukaanza. Hili ndilo nyuki waliingia mwaka wa njaa, tukarina asali humo na padre tukala kanisani bila haya. Hili lilidondoka likapinda, nikalinyoosha kwenye paja langu. Hili nilikuwa nimelibonyeza siku mama yako alipokuwa leba, mtu akaja kuninong'oneza kwamba ni msichana, nikasahau kuinua kidole mpaka kwaya ikaishiwa na pumzi kwenye Amina.

Hadithi hizo tatu nazikumbuka, Baba. Zilikuwa zaidi ya mia moja. Nyingine zote zilipita masikioni mwangu nikiwa natazama mistari.

Tena nilikukemea. Siku ya kwanza nilikwambia kwa upole kwamba unaingilia sauti. Siku ya pili upole ulikuwa umeniisha. Nilivua vipokea sauti nikasema, "Baba, tafadhali. Maneno yako yananiharibia kazi." Ukasema pole mwaitu, ukanyamaza kwa mabomba matatu, la nne ukaanza tena, kisha ukajiziba mdomo kwa kiganja. Siku ya tatu hukusema neno hata moja. Ulibonyeza, ukasubiri, ukaachia, ukanitazama kuona kama ni sawa, na mimi nikakuinulia kidole gumba. Nilifurahi. Nilirudi Kitui nikimwambia kila mtu kwamba siku ya tatu ndiyo tulifanya kazi ya maana.

Kule dukani nilizisafisha. Nilikata kila kitu kisicho sauti ya bomba: kuku, mlango, pikipiki, na wewe. Nilikata wewe mara mia moja na zaidi, na kila nilipokata nilikuza sauti kuhakikisha hujabaki hata kidogo pembeni. Kompyuta ikaniambia nafasi imejaa. Nikatazama yale mafaili ya mwanzo, yale machafu, nikaona nimeshapata safi, ya nini kuyaweka. Nikayafuta, kisha nikalifuta na pipa lenyewe la takataka. Sikukunakili popote. Mimi ambaye nina video za harusi za watu walioachana zamani, nazihifadhi kwa sababu huenda siku moja mteja akazitaka.

Siku ya Askofu besi ilifanya kazi. Ilipoanza wimbo wa kuingia, mjusi alianguka kutoka darini kwenye mapaja ya mzee mmoja, madirisha yakatetemeka, na watu wa nyuma wakageuka kutafuta sauti inatoka wapi. Wewe ndiye uliyekuwa unapiga. Baada ya Misa ulivua viatu, ukasimama kwenye sakafu mbele ya spika na soksi zako zilizotoboka, ukaniomba nibonyeze ile sauti ya chini kabisa. Ukasimama hivyo muda mrefu. Kisha ukasema ni nesa, ni vizuri, na ukaninunulia soda kana kwamba nina miaka minane. Nilijivuna sana siku hiyo. Bado najivunia, na hilo ndilo linanichanganya, kwa kuwa kazi ni nzuri kweli.

Mvua ya Novemba ilipoanza kifua chako kikakamatwa, na kabla pojo hazijatoa maua tulikuwa tumekuzika. Sitayaandika ya hospitali, sikuwepo saa ile, alikuwepo Mama.

Baada ya matanga Mama alikwenda Kalamba kukaa na dada yake, akisema nyumba imekuwa na masikio lakini haina mdomo. Kutoka huko ndiko alikoniomba. Alianza kwa kuuliza watu wengine kwanza, kwa sababu unamjua, hapendi kusumbua watoto. Wewe na simu yako ya kitochi hukuwahi kumtumia mtu ujumbe wa sauti. Akatazama video za harusi na za kwaya, nyumba kwa nyumba. Katika zote upo, Baba, lakini ni mgongo. Miaka yote hiyo ya kuwapigia watu kinanda na hakuna aliyekugeuzia kamera uzungumze. Mzee Abdi alitafuta simu yake yote na ya wanawe, akakuta picha yako moja ukishika mbuzi sikio. Ndipo Mama akakumbuka zile siku tatu. Alikuwa ametuletea chakula kanisani siku ya kwanza, alisimama mlangoni akakusikia ukiyasemea mabomba, maikrofoni ikiwa mbele yako. Akaniambia kwenye simu, bila haraka, kwamba sauti yako iko kwangu.

Nilitafuta. Nilimpelekea kompyuta fundi mmoja Machakos anayejua kufufua vitu vilivyofutwa, akarudisha picha zangu za miaka mingi ambazo sizihitaji na faili mbili zilizokwaruza tu. Nikarudi kwenye zile safi. Nikavaa vipokea sauti nikasikiliza bomba moja moja, mwanzo na mwisho, nikitafuta pumzi, mkwaruzo wa kiti, chochote. Nilichukua wiki nzima. Hukuwemo. Nilikuwa nimeifanya kazi vizuri mno. Na sasa nikiingia kanisani na ile besi ikaanza, watu wanafumba macho kwa utamu, mimi nasikia mahali ulipokatwa.

Wiki jana nilikwenda Kalamba. Nilimkuta Mama uani na ungo, anapukusa mbaazi. Nilikaa nikachukua lundo langu nikapukusa pia, maana mikono ikiwa na kazi mdomo hupata nguvu. Nikamwambia yote kama nilivyokuambia hapa. Sikuficha hata ile ya kukukemea. Nilimwambia kwamba siku ya tatu ulinyamaza kwa ajili yangu, na kwamba nilifurahi uliponyamaza. Nilipomaliza nilingoja anifukuze, au alie, au aseme yale maneno ya kawaida kwamba ni mapenzi ya Mungu. Yoyote kati ya hayo ningeyabeba.

Aliendelea kupukusa mpaka lundo lake likaisha. Kisha akasema, bila kuniangalia:

"Ile siku ya mwisho pale wodi alikuwa anataka kuongea. Alinishika hivi, anataka kuniambia kitu. Mimi nikamwambia, wewe nyamaza upumzike, hiyo pumzi utaimaliza. Utaniambia kesho."

Nikajua kwa nini aliitaka sana sauti yako. Hakuwa na hamu ya kukusikia tu. Alikuwa anatumaini kwamba mahali fulani, katika yote uliyosema, huenda ulikuwa umeshalisema na lile neno alilokuzuia.

Tulipukusa lundo langu pamoja mpaka jua likapungua. Sijui ulitaka kumwambia nini, Baba, na yeye hatajua, na mimi ndiye ningeweza kumpa angalau maneno yako mengine mia moja ya kushikilia. Siwezi kukuomba msamaha kwa kazi uliyoisifu mwenyewe. Naomba msamaha kwa kile kidole gumba.

Lala salama, mzee wangu wa mabomba. Na huko uliko, mtu yeyote akikwambia ungoje kidogo, hata akiwa anakupenda, usimsikilize. Ongea.

Mimi binti yako,
uliyeniita mama