Goti Langu Kwenye Magunia ya Maharage

Mpendwa baba,

Shikamoo. Najua marahaba haitakuja, ila nikianza bila shikamoo utajigeuza huko uliko, na vigae vya kaburi tumeviweka juzi tu.

Unaikumbuka picha ya eksirei ya goti langu? Nilikuwa kidato cha pili, nimeanguka mpirani. Daktari akaiinua dirishani, akatuonyesha kinundu kilichochomoza kwenye mfupa, kina shina na kofia, kama uyoga. "Hakina ubaya," alisema. "Mtoto akiacha kurefuka, nacho kitaacha kukua. Itunzeni picha." Wewe uliikunja, ukaiachia, ikanyooka yenyewe. "Plastiki ngumu hii," ulisema. Nikajua imekwisha.

Wiki haikuisha ukatoboa humo herufi za jina lako, ELIA, ikawa stensili ya kupigia chapa magunia. Kila gunia la maharage lililotoka dukani kwetu Kariakoo lilipigwa chapa kupitia goti langu. Wapagazi wakanitania, "Oya, mguu wako tumeupeleka Ilala!" Mama alipolalamika ukamjibu, "Mguu si anao? Wakitaka picha watapiga nyingine." Tulicheka, hata mimi.

Sasa kile kinundu kinauma, baba, hata nikiwa nimekaa. Nina mvi kidevuni. Mifupa iliacha kurefuka zamani, ila mwenzangu huyu nadhani hakupewa taarifa. Unajua nilivyo, kila ugonjwa wa jirani nausoma kwenye simu na kutoa ushauri bure. Huu wangu niliusoma nikaizima simu.

Daktari wa Upanga, binti mcheshi, alipoifungua picha mpya aliacha ucheshi. "Kofia ni nene. Sijui ilikuwa hivi tangu mwanzo au imekua ukubwani. Ikiwa imekua, si dalili nzuri. Anko, picha ya zamani ipo?"

Ipo. Niliitungua msumarini stoo ya duka, nikaisugua wino kwa mafuta ya taa, nikampelekea. Akaiinua kwenye mwanga. Shina lilionekana safi, ukingo kama umechorwa kwa penseli. Palipokuwa na kofia, mwanga ukapita mtupu, ukamwangukia usoni. Hapo ndipo ulipotoboa E.

"Nani kafanya hivi?"

"Marehemu."

Hakucheka. "Basi tutakata kipande tukapime."

Wamekata. Stensili nimeirudisha kwenye msumari wake, maana magunia hayasubiri majibu. Sina kinyongo, mzee wangu. Majibu yakiwa mema, utanisubiri sana. Yakiwa mabaya, nitakuja kukuambia mwenyewe.

Kitindamimba wako