Nilimuuliza Baba Mkwe Kupenda Ni Nini

Mpendwa Mama Selpha, naomba unisaidie kabla sijamkosa mchumba wangu Wangeci kabisa. Mimi ni fundi wa redio hapa Huruma, na jioni naandika hadithi fupi za kuchekesha, na mwaka huu nilinunua kitabu cha mtumba kuhusu wanafalsafa wa Ugiriki ya kale nikaona kumbe wale wazee walikuwa wachekeshaji kunishinda, mmoja wao kazi yake ilikuwa kuwauliza wajuaji maswali mpaka wanashindwa kujibu, na hiyo ndiyo hadithi fupi nzuri, mtu anaingia akijua kila kitu anatoka hajui kitu. Basi juzi nilienda Kimumu kujitambulisha kwa kina Wangeci, na baba yake, Mzee Mburu mwenye duka, akaniuliza, "Kijana, unampenda huyu msichana wangu?" nami nikajibu, "Mzee, kupenda ni nini?" Akasema ni kumtunza mtu, nikamwambia hata ng'ombe anatunzwa na bado anachinjwa, akasema basi ni kuvumilia, nikamuuliza kama jino likimuuma analipenda kwa kuwa analivumilia, shangazi zake Wangeci wakacheka mpaka chai ikamwagika, Mzee akaweka kikombe chini akasema, "Sawa. Kumbe sijui kupenda ni nini. Na kitu sijui, siwezi kukupatia." Niliandika yote kama hadithi nikaiweka Facebook, watu wakacheka sana, ila Wangeci hakucheka, na nilipomuuliza kama mimi bado ni mchumba wake akanijibu kwa meseji, "Mchumba ni nini?" Mama, hapo kuna matumaini?

Odera, Huruma

Odera, pole, lakini pole yenyewe ni ndogo. Kwa lile jino nimecheka, sitakudanganya. Halafu nikamfikiria msichana aliyekaa pale na nguo yake mpya, akingoja neno moja tu kutoka kwako, na wewe ukafungua shule.

Kitabu chako hukukimaliza. Huyo muulizaji wako alinyweshwa sumu. Wewe Mzee Mburu alikupa chai ya maziwa. Tena yule Mgiriki alikuwa anakiri kwanza kwamba hajui kitu. Wewe ulikiri lini? Na katika hadithi yako, mjuaji aliyeingia kwa kiburi akatoka mikono mitupu ni nani?

Futa hadithi hiyo leo. Mwombe Wangeci msamaha ana kwa ana, na usimuulize swali lolote. Jumamosi rudi Kimumu na mjomba wako, daftari lako la hadithi liache Huruma. Mzee akikuuliza tena kama unampenda binti yake, jibu ni "Ndiyo, Mzee." Ukishindwa kulisema bila kuongeza kitu, mwache aolewe na mtu asiye na kitabu.