Feni Inakula Wapi

4 Machi

Baba,

Shikamoo. Macho yanaendeleaje? Shangazi naye hajambo?

Mimi mzima, ila nimechoshwa na kuta. Dirisha la chumba changu linatazama ukuta wa karakana. Asubuhi natembea hatua arobaini hadi kazini, jioni narudi na zile zile arobaini. Simu zetu zinabaki getini kwa mlinzi, ndiyo maana nakuandikia barua kama watu wa enzi zenu.

Uliuliza kazi yenyewe ni ipi. Ni mashine ya kuzalisha umeme, ukubwa wa kabati la nguo. Upande mmoja inapewa gesi ya hidrojeni, upande mwingine hewa, vinakutana kwenye utando mwembamba, vinatoa umeme na maji ya uvuguvugu. Mimi nashughulikia ufanisi: katika kila sehemu mia za nguvu ya gesi, ngapi zinakuwa umeme. Tulianza na arobaini na nne. Mkataba unasema hatoki mtu kambini mpaka zifike hamsini na tano. Niliusaini kwa mbwembwe zote, nikidhani ni kazi ya miezi sita. Huu ni mwezi wa kumi na tisa.

Daktari alisema utaona mpaka mwisho wa mwaka, si zaidi. Nitafika kabla. Nataka unione, Baba.

Mwanao,
Kidole

29 Machi

Kidole mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo, shangazi yako hajambo, mdomo wake tu ndio haujapata nafuu. Jicho la kushoto limejiuzulu. La kulia linafanya kazi ya wawili na linanung'unika.

Habari za kabati lako nimezisoma mara tatu kwa lensi. Mimi nimelisha jenereta ya hospitali dizeli miaka thelathini na moja mpaka wakaniita Moshi, leo binti yangu ana mashine inayokojoa maji safi. Nimewasimulia majirani, wamenitazama kama nimeanza kuzeeka kichwani.

Nina swali la kizee. Hiyo hewa inaingiaje? Kama kuna feni, inakula wapi? Jenereta yangu ilikuwa na feni ya kuipooza, na feni ile ilikuwa na tumbo lake la kula umeme. Mkubwa wetu mmoja aliitoa kwenye hesabu ili aonekane hodari. Siku ya kwanza wodi zote zilipowashwa, chumba cha upasuaji kikazimika na mtu yuko mezani. Swichi niliishika mimi. Yule mtu alipona. Mimi hadi leo sijapona vizuri.

Picha yako ya siku ya kuondoka naiweka dirishani kila asubuhi, penye mwanga.

Baba yako,
Moshi

17 Mei

Baba,

Shikamoo. Naomba la kulia liwe bado kazini.

Tumefika. Hamsini na tano nukta mbili. Mkuu wetu, mtu asiyecheka, alipiga makofi. Taarifa imebakiza sahihi yangu tu, maana fundi wa vipimo ni mimi. Wiki mbili baada ya sahihi, geti linafunguliwa.

Kalamu ilikuwa mkononi nilipokumbuka swali lako. Nikaenda kupiga magoti nyuma ya kabati, nikaufuata waya wa feni kwa vidole. Baba, umechomekwa ukutani. Feni inakula umeme wa karakana, si wa mashine. Na aliyeuchomeka ni mimi. Mwezi wetu wa pili hapa feni ilikuwa inasumbua, nikaihamishia ukutani niipime peke yake, nikasahau kuirudisha. Wiki ile ile tulibadilisha utando. Namba ikaruka, tukausifu utando.

Nimeirudisha plagi mahali pake mara moja, nikasoma: arobaini na nane. Kisha nikaichomeka tena ukutani, nikaja kukuandikia.

Hakuna anayejua ila mimi na wewe. Mashine kumi na mbili kama hii zinapelekwa kwenye zahanati zisizo na umeme. Huko ukutani hakuna soketi. Nikisaini, nakuja kwako. Nikisema, nabaki humu. Nimebanwa, Baba, na ninaogopa. Taarifa inaweza kungoja hadi mwisho wa Juni. Ukiniambia saini, nasaini siku hiyo hiyo.

Kidole wako

20 Juni

Baba,

Shikamoo. Kila Jumatatu nakwenda getini kuulizia barua. Mlinzi siku hizi anatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo.

Umenikasirikia? Au ni macho? Zimebaki siku kumi.

Kidole

1 Julai

Baba,

Shikamoo. Sijui hali yako, na hilo linanila kuliko kitu chochote.

Nimesema. Jibu lako nilikuwa nalo tangu ile barua yako ya chumba cha upasuaji. Nilikuwa natafuta mtu wa kunibebea uamuzi. Mkuu hakufoka, na afadhali angefoka. Alivuta kiti, akaniuliza, "Nani mwingine anajua?" Nikamwambia ni baba yangu. Akanirudishia taarifa, akasema, "Basi andika upya."

Sasa feni inakula kwenye mashine yenyewe. Tumeifundisha ipunguze mwendo mzigo ukiwa mdogo, badala ya kukimbia kutwa nzima. Tumefika hamsini na moja. Zimebaki nne, na zile saba za kwanza zilituchukua miezi zaidi ya ishirini. Mwisho wa mwaka sitauwahi. Nisamehe.

Mwanao,
Kidole

9 Agosti

Kidole mwanangu,

Marahaba, za barua zote tatu. Mwandiko huu ni wa shangazi yako. Mimi natamka, yeye anaandika na kunikosoa.

Barua ya Mei ilifika salama na niliisoma mwenyewe. Nilishika kalamu siku nne. Mara mbili niliandika, "Saini, mwanangu, njoo," nikaichana. Nilitaka usaini. Ndiyo maana nilinyamaza, kwa sababu kila nikifungua mdomo ni hilo tu lililokuwa linatoka.

Jicho la kulia liliondoka katikati ya Julai. Halikungoja daktari. Ungesaini siku ile ya Mei ungeniwahi. Sikufichi, wewe ni mtu wa vipimo.

Lakini ile picha ya dirishani nilikuwa naikariri. Nyusi, lile jino lililopanda, na kidole ulichokichomeka kwenye soketi ukiwa na miaka mitatu tukakupa jina. Nimemaliza, yote ninayo. Ukija sitakuona, wewe utaniona. Mmoja wetu akiona inatosha.

Hizo nne zitafute taratibu. Na feni iache hapo hapo inapokula.

Shangazi yako anasema karatasi imekwisha. Haijakwisha, analia.

Baba yako,
Moshi